Sura ya Tano: Diski ya Kamera

Bomba lilikohoa gizani. Likakohoa tena, likatema upepo ndani ya ndoo tupu, kisha kimya. Ndani ya nyumba kitanda kililia na sauti ya mwanamke ikauliza kwa usingizi, "Yanakuja kweli au yanatutania?"

"Hodi hapa," alisema Inspekta Selestina.

"Nani saa hizi?"

"Inspekta Selestina, wa upelelezi, kutoka Masasi. Nisamehe, mama. Nilijua maji yakitoka sitakukuta."

Mlango ulifunguliwa kidogo. Mama Queen alisimama na khanga moja kiunoni, nyingine begani, ndoo mkononi. Alikuwa mdogo kwa Selestina kwa miaka michache. Alipiga goti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mtoto amelala?"

"Amelala. Mmekuja kunichukua na mimi?"

"Hapana. Nimekuja na swali."

Mumewe, Chrispin, fundi aliyehudumia kompyuta ya duka la pembejeo, alikuwa mahabusu hapo Newala tangu wiki iliyopita. Mchana wa siku hiyo angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuharibu ushahidi. Mwalimu mstaafu Cecil alikuwa amegongwa na pikapu nyeupe akiwa juu ya baiskeli yake, mbele ya duka la pembejeo, na pikapu haikusimama. Mwalimu alifariki kabla ya kufikishwa wodini. Duka lile lilikuwa na kamera iliyotazama barabara. Kesho yake asubuhi, polisi walipotaka picha, diski ya kamera ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Aliyeifuta ni Chrispin, na hakukana. Alichokana ni kwamba alijua anachokifuta.

"Kaka yako Nurdini ana pikapu nyeupe," alisema Selestina.

"Wenye pikapu nyeupe ni wengi, afande."

"Ni kweli. Lakini asubuhi ile, kabla hajawasha kompyuta ya dukani, mumeo alimpigia simu huyo Nurdini. Waliongea nini?"

Mama Queen alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Alimshika afande mkono kama anavyoshikwa mgeni, akampeleka nyuma ya jiko.

"Mulika hapo."

Selestina alimulika tochi. Mapipa mawili ya bluu, moja limejaa hadi shingoni.

"Waliongea maji. Nurdini anayachota bondeni anatuletea. Bomba hili lilikuwa halijakohoa hata hivyo unavyolisikia. Maji ya pipa la pili alimpa jirani, Mama Shamila. Kamuulize, ndiyo kwanza anaamka."

Selestina hakumwambia kwamba atamuuliza. Aliinua kifuniko, akaingiza mkono, akatoa tope jekundu la bonde chini ya kucha.

"Kama Nurdini ndiye aliyemgonga Mwalimu, nitajua," alisema. "Hilo litakuwa lake. Ninachotaka leo ni la mumeo. Anasema kile kioo cha kompyuta hakikumwambia anafuta diski ipi. Jina limeandikwa, mama. Nimekiona kwa macho yangu."

"Umekionea wapi?"

"Masasi, ofisini kwetu. Wataalamu wamekiwasha mbele yangu."

Mama Queen aliweka ndoo chini.

"Yeye hakukaa ofisini kwenu, afande. Alikaa pale dukani."

Bomba likakohoa, safari hii na maji. Mama Queen alikimbilia ndoo. Selestina alibaki amesimama karibu na pipa, kisha akatoa simu yake.

"Koplo Mujibu? Amka. Vile vyombo vya kompyuta nilivyokuja navyo kutoka Masasi vipakie kwenye gari. Vyote, na kioo chake. Tunavirudisha dukani."

*

Duka la pembejeo lilinuka salfa tangu barabarani. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na vumbi la njano lilikuwa kila mahali: kwenye mizani, kwenye kingo za madirisha, kwenye nyusi za wapakiaji. Mama Basil, mwenye ghala, aliwapokea na leso puani.

"Shikamoo mama," alisema Selestina.

"Marahaba mwanangu. Mmeleta kompyuta yetu? Jamani, tunaandika stakabadhi kwa mkono mpaka vidole vimeota sugu."

"Tunaijaribu tu, mama, kisha tunaondoka nayo."

Koplo Mujibu aliweka mashine mezani akihema. Alikuwa mtu wa makamo, askari wa hapo Newala, na ndiye aliyemkamata Chrispin. Hakuficha kwamba safari hii aliiona ya bure.

"Afande, tumeshaijaribu Masasi."

"Tumejaribu mashine. Mahali hatujapajaribu."

Diski yenyewe ya kamera ilikuwa ndani ya mfuko uliotiwa lakiri, haikuguswa. Mahali pake wataalamu walikuwa wameweka diski mbili zisizo na kitu cha maana, wakazipa majina yaleyale: KAMERA na ZAMANI. Programu ilikuwa ileile, Tunza, iliyotengenezwa na vijana fulani wa Dodoma kwa ajili ya kusafisha diski, kuzikagua na kuzifuta. Ilisifiwa kwa sababu ilizungumza Kiswahili.

Selestina aliketi kwenye kiti cha Chrispin, akafungua Tunza, akachagua ZAMANI, akabonyeza Futa Yote. Kabla ya kujibu swali lililotokea, alimpa ishara Mujibu, naye akazima swichi ya ukutani. Kwenye maelezo yake Chrispin alikuwa amesema umeme ulikatika katikati ya kazi, na shirika la umeme lilikuwa limekubali kwamba asubuhi ile ulikatika.

"Washa."

Mashine iliamka. Tunza ikajifungua yenyewe, bila kuitwa, ikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa swali. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi makubwa: *Kila kitu kwenye diski iliyochaguliwa kitafutwa. Uendelee?* Chini yake vitufe viwili vya kijani vinavyofanana, Endelea na Rudi. Endelea kilikuwa kimezungushiwa mstari tayari, kikisubiri enta.

Na juu kabisa, kwenye ukingo wa kioo, kwa herufi ndogo za kijivu: *Diski: KAMERA*.

"Nilichagua ZAMANI," alisema Selestina taratibu. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Umeme umekatika, programu imerudi kwenye swali, lakini diski imejichagulia ya kwanza kwenye orodha."

"Sawa, afande, hilo ni jipya. Lakini jina si lile pale? Mtu mwenye macho anasoma."

Ndipo palipokuwa na ugumu. Selestina alilisoma tena. Alifikiria jua. Walifungua mlango wa mbele na dirisha la nyuma, mwanga wa asubuhi ukapiga kioo. Jina likafifia, lakini likasomeka. Alimfikiria Chrispin mwenyewe, mrefu kuliko yeye, akaweka magunia mawili matupu juu ya kiti na kukaa. Likasomeka. Alipangusa kioo, akakitia vumbi la salfa kwa vidole, Mama Basil akashika kichwa kwa uchafu ule. Likasomeka.

"Turudi, afande," alisema Mujibu, na safari hii sauti yake haikuwa ya kejeli. "Saa nane anatakiwa mahakamani."

Selestina alimgeukia Mama Basil.

"Mama, naomba meza hii uirudishe kama ilivyokuwa siku ile. Kila kitu. Hata kama ni takataka."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Mama Basil alianza kwa aibu, kama mtu anayeambiwa apange kitanda mbele ya wageni. Alileta kalenda ya kanisa, akaitundika kushoto. Akaweka kopo la kalamu, mhuri, chupa ya chai. Akavuta mizani midogo karibu. Kisha akarudi ghalani, akakawia, akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa, kigumu kwa wanga.

"Hiki nacho," alisema. "Mlipoichukua mashine nilipata nafasi ya kukifua. Kilikuwa cha njano kabisa."

Alikikunjua. Kilikuwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cha maua, chenye meno yaliyoninginia pembeni, kama vile vinavyofunika redio na televisheni katika kila sebule kuanzia Newala hadi Mkomaindo kule Masasi. Alikitandika juu ya kioo, akakinyoosha kwa viganja, akarudi nyuma kukitazama.

"Salfa haina adabu, mwanangu. Nilikifuma mwenyewe ili kompyuta isife."

Selestina alitazama kioo. Swali kubwa lilikuwa pale. Vitufe viwili vya kijani vilikuwa pale. Meno ya kitambaa yalishuka upana wa vidole viwili kutoka ukingo wa juu, na pale palipokuwa na jina la diski hapakuonekana herufi hata moja.

"Koplo," alisema. "Njoo ukae hapa."

Mujibu alikaa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Unafuta diski gani?"

"Sijui," alisema Mujibu.

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Ningeendelea, afande. Si nimechagua ZAMANI mwenyewe?"

Mama Basil aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alielewa polepole, na alipoelewa alikaa juu ya gunia la salfa bila kujali nguo.

"Kitambaa changu?"

"Mama, hukufanya kosa."

"Mwalimu Cecil ndiye aliyemfundisha Basil wangu kusoma," alisema Mama Basil.

Selestina alimwambia Mujibu apige picha kwa simu, kitambaa kikiwepo na kikiwa kimeondolewa, kutoka urefu wa macho. Kisha akafungua kumbukumbu za mashine zile ambazo wataalamu walizichapa Masasi. Alikuwa amezisoma mara nyingi mpaka ule mstari wa kufuta. Hakuna aliyejali yaliyofuata, kwa kuwa kosa lilikuwa limeshaonekana.

"Koplo, jioni ile ya ajali ulimwambia Chrispin nini hasa?"

"Nilimwambia kesho asubuhi nataka nakala ya picha."

"Nakala aiweke wapi?"

Mujibu alisita. "Alisema ana diski ya zamani, ataisafisha kwanza."

"Tazama hapa. Baada tu ya kufuta, ameiambia mashine inakili picha kutoka KAMERA kwenda ZAMANI. Mashine imejibu: hakuna cha kunakili. Ameiambia tena, ikajibu hivyohivyo. Ameiambia tena." Aliteremsha kidole. "Halafu hapa, imezimika ghafla."

"Alichomoa waya. Nilipofika nilikuta ameushika mkononi. Nilidhani anatuzuga."

"Mtu aliyefuta picha makusudi anaendelea kuziomba kwa ajili ya nini? Na kwa nini achomoe waya, wakati kila dakika mashine ikiendelea kuwaka kamera inaandika juu ya kilichofutwa?"

Mujibu alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Alikuwa anaziokoa," alisema.

"Alikuwa anajaribu."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha la juu. Chrispin aliingia ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wa mahabusu huachwa kaunta. Selestina hakumwambia chochote kuhusu dukani. Alimsogezea karatasi na penseli.

"Nichoree kile kioo. Kama ulivyokiona kabla hujabonyeza enta."

"Nimeshaeleza, afande."

"Umeeleza. Sasa chora."

Chrispin alichora mstatili. Aliandika swali katikati, neno kwa neno. Alichora vitufe viwili, akakizungushia Endelea mstari. Kisha, akiwaza, mkono wake ukaenda juu ya mstatili na kuchora vipembetatu vidogovidogo, kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto hadi kulia. Mahali pa jina la diski.

"Hivi ni nini?"

Chrispin alivitazama kama vimechorwa na mtu mwingine.

"Si kitambaa cha Mama Basil hicho! Kipo siku zote pale, hata sikioni." Penseli ilisimama. "Afande. Jina lilikuwa chini yake?"

"Lilikuwa chini yake."

Aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Selestina alimwacha. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Ningeinua," alisema Chrispin hatimaye, bado ameinama. "Ningekiinua tu kwa kidole. Mwalimu Cecil alinisimamia mimi kanisani siku ya ubarikio. Ningekiinua tu."

"Hukujua kwamba kuna sababu ya kukiinua. Hukuonywa." Selestina aligeuza karatasi upande mweupe. "Hebu niambie. Ungekuwa wewe ndiye uliyeitengeneza Tunza, kioo hiki ungekiwekaje?"

Chrispin aliinua kichwa. Lilikuwa swali la kwanza la kazi kuulizwa tangu avuliwe mkanda.

"Jina ningeliandika ndani ya swali lenyewe," alisema. "Si pembeni. 'Unataka kuifuta KAMERA?' Na kwenye kitufe pia, 'Futa KAMERA.' Mtu hawezi kubonyeza bila kulisoma."

"Endelea."

"Enta isifanye kazi hapo kabisa. Kitufe kinachosubiri kiwe cha kurudi. Na rangi zisifanane, cha kufuta kiwe chekundu." Alianza kuchora, haraka. "Ioneshe kilichomo, hata picha ya mwisho tu. Ningeiona ile barabara, afande, ningeshtuka. Umeme ukikatika isirudi kwenye swali, ianze upya, ikuulize tena diski ipi. Hiyo ya kujichagulia waitoe."

"Na ikimaliza?"

"Ikimaliza iliniambia 'Kazi imekamilika.' Kazi ipi? Iseme imefuta nini. Na isifute papo hapo, ikupe muda wa kusema hapana. Mimi ni fundi, nimebonyeza kwa haraka. Je, karani asiye fundi?"

Selestina alichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na mchoro wa upande wa pili.

*

Pendo, binti wa Mwalimu Cecil, alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo na gauni jeusi. Alikuwa amekuja kumwona Chrispin akipelekwa mahakamani. Selestina aliketi karibu naye, akamweleza yote bila kupunguza: umeme, diski iliyojichagulia, kitambaa, waya uliochomolewa. Alimwonesha picha zote mbili kwenye simu ya Mujibu.

Pendo alizitazama.

"Kwa hiyo aliyemuua baba yangu amefichwa na kitambaa cha kufuma."

"Na kioo kilichopangwa vibaya. Ndiyo."

"Sitaki hilo, afande. Nataka mtu."

"Mtu yupo. Ni yule aliyekuwa anaendesha. Nikimpeleka huyu fundi mahakamani, kila mtu atalala akidhani tumemaliza." Selestina alizima simu. "Diski inaondoka leo kwenda maabara Dar es Salaam. Ilifutwa kwa haraka, haikuandikwa juu, kwa sababu huyu aliichomoa. Siahidi kitu. Ila wapo wanaozirudisha picha za namna hiyo."

Pendo alinyoosha mkono.

"Nioneshe tena ile yenye kitambaa." Aliitazama karibu sana. "Hao wenye hiyo programu mtawaambia?"

"Ndiyo ninachokwenda kuandika. Barua ya kwanza kwa mwendesha mashtaka, ya pili kwao."

"Waambieni na hili. Waweke mahali mtu anaandika jina la kitu anachokifuta, yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Baba alikuwa anatufanyisha hivyo darasani. Neno ukiliandika kwa mkono wako, umelijua."

Selestina alitoa karatasi ya Chrispin, akaliongeza chini yake, kwa mwandiko wa kusomeka.

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo akiwa amesimama, akaangalia michoro, akaangalia kumbukumbu za mashine, akauliza maswali magumu mawili matatu. Koplo Mujibu ndiye aliyeyajibu. Alisema kwamba nakala aliiagiza yeye, na kwamba jioni ile ya ajali hakumwambia fundi aiache diski ya kamera kama ilivyo mpaka polisi wafike. Alisema hivyo mbele ya mkuu wake, bila kulazimishwa. Mwendesha mashtaka alitia saini, akaandika kwamba Chrispin aachiwe, abaki kuwa shahidi. Upelelezi wa pikapu nyeupe uliendelea, na jina la Nurdini lilibaki kwenye jalada pamoja na majina ya wengine.

Barua ya Dodoma iliandikwa kwenye meza ya kaunta huku diski ikifungwa kwa safari. Selestina hakuilaumu Tunza. Alieleza duka la salfa, mahali ambapo kila chombo hufunikwa na hutumika kikiwa kimefunikwa, akasema maduka ya namna hiyo ni mengi kuliko wanavyodhani. Aliandika kila alichokichora Chrispin na kile cha Pendo, akaambatanisha picha. Mwishoni aliandika kwamba mtu amekufa, na kwamba wakiyarekebisha haya hawatamrudisha, lakini wafanye hima.

Mama Queen alikuwa ameshafika, kijora kimelowa pindoni kwa maji aliyokuwa akichota, Queen amemshika mkono. Pendo hakuwa ameondoka. Wanawake wale wawili walisalimiana kwa kichwa tu, wakasimama mbalimbali.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Chrispin alitoka akifinya macho kwa mwanga. Alimwona mkewe, akamwona Pendo, akasimama hapohapo, hajui aanze kwa nani. Mwisho alimwendea Pendo, akainama. Pendo alimwekea mkono begani, kwa muda mfupi, kisha akautoa.

Queen aliuachia mkono wa mama yake, akamsogelea baba yake, akamtazama kuanzia usoni mpaka chini.

"Baba, viatu vyako havina kamba," alisema.